Tutarudi Tu Kasarani

Mtaani kuna ushauri wa bure wenye kila mtu ashapewa: usijipee matumaini sana, ndio usiumie. Brathe yako mkubwa anakupea siku umeitwa intavyuu. Mabeshte wanakupea kwa base siku manzi amekubali mpatane Jumapili. Hata mathe, na vile anakupenda, anaweza kukunyooshea kola akisema polepole, "Enda tu, lakini usiweke roho yote huko." Hawana ubaya. Wameona wasee wakianguka, na wengine wameanguka wenyewe. Lakini huo ushauri nimeuskiza miaka mob na nimefika mahali naona unatuibia. Ushahidi wangu ni Agosti 2025, hapa hapa Nai, ule mwezi jiji lilikubali kuamini Harambee Stars.

Kama wewe si mtu wa boli, kaa tu. Hii story haiishii uwanjani.

Kwanza ujue tulikuwa tumetoka wapi. Shabiki wa Stars amekuzwa na kuangushwa. AFCON ya 1996 tulikuwa tumepewa tuandae, tukapokonywa, ikaenda Afrika Kusini. CHAN ya 2018 tukapewa tena, maandalizi yakalala, na 2017 CAF ikaichukua ikapelekea Morocco. Februari 2022 FIFA ikatufungia nje kabisa, tukakaa hivyo hadi Novemba. Viwanja vyetu navyo vikapigwa marufuku, Stars wakawa wanacheza mechi za nyumbani Malawi na Uganda. Hebu fikiria mtoi wa Umoja anataka kuona timu ya nchi yake na macho yake, anaambiwa gemu ya nyumbani iko Lilongwe. Na AFCON yenyewe, kila mara tumeingia, kuanzia 1972 hadi 2019, hatujawahi kutoka kwa kundi. Wazee wa mtaa bado wanatupea za 1987, venye klabu ya Gor walibeba kombe la vilabu la Afrika hapo uwanja wa Kasarani mbele ya Espérance ya Tunisia, na ukiwaangalia unaona wameng'ang'ania hiyo mwaka juu hakuna ingine imekuja kuipokea.

Hata hii CHAN yetu, yenye tuliandaa na Uganda na Tanzania, ilikuwa ianze Februari 2025. Ikasukumwa mbele hadi Agosti juu viwanja vilikuwa bado. Wale wa "si tulisema" walikuwa na siku njema sana. Halafu makundi yakatoka: DRC, mabingwa mara mbili. Morocco, mabingwa mara mbili. Angola na Zambia juu yake. Sisi ndio ilikuwa mara yetu ya kwanza kuingia hiyo mashindano. Na CHAN ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee, so hakuna cha kumngoja Olunga atoke ng'ambo aje atuokoe. Ni maboyz wa Gor, wa Tusker, wa Police, wasee wenye unaweza kupishana nao kwa stage. Kocha, Benni McCarthy, alikuwa ameingia Machi tu.

Mtu akikuambia hapo, "Mimi hawa siwaekei roho," utamlaumu aje? Hesabu yake iko sawa kabisa.

Jumapili ya tarehe 3 Agosti, Kasarani ikajaa. Kabla tu ya mapumziko Austin Odhiambo wa Gor akawasha moja, DRC wakalala 1-0. Sawa, watu wakasema, hiyo ni bahati. Alhamisi wakaja Angola. Tukafungwa mapema, Odhiambo akarudisha na penati, halafu Marvin Nabwire akaonyeshwa redi kabla nusu saa haijaisha. Stars wakabaki kumi, zaidi ya saa nzima, na ikaisha 1-1. Hapo ndio niliskia kitu imebadilika mtaani. Kesho yake hakuna mtu alikuwa anabonga za sare. Watu walikuwa wanabonga vile wale maboyz walikimbia. Makanga wa mat yetu, mtu mwenye kwa kawaida anaongea za nauli tu, alikuwa anaeleza abiria wa nyuma venye Stars walifunga njia zote katikati, na mikono anaonyesha.

Halafu Morocco. Tarehe 10, Jumapili mchana, jua limetoka vizuri. Kwetu kila mtu anaangalia kivyake lakini kuta za ploti ni nyembamba, so ni kama tuko sebule moja. Nyumba zenye ziko na antena zinapata picha kwanza. Wenye dikoda wanafuata. Wale wanaangalia kwa simu wanafika mwisho. Ndio maana bao mtaani halifikangi mara moja: unaskia nduru huko ghorofa ya tatu kwa wenye antena, unajua kuna kitu inakuja, unashikilia pumzi, halafu Ryan Ogam anafunga kwa skrini yako na wewe unapiga nduru ya pili, na huko chini watoi wa simu moja wanapiga ya tatu. Hiyo bao ya Ogam ilipigiwa makelele ikashuka ngazi hadi barabarani. Hatujamaliza kukumbatiana, Chris Erambo akala redi.

Nusu ya pili yote, wasee kumi, mbele ya Morocco. Mama wa chapo alizima jiko. Wateja walikuwa wamesimama hapo na hakuna aliyelalamika, walikuwa wamegeukia redio. Kila dakika tulikuwa tunaskiza ghorofa ya tatu, juu hao ndio wangejua mbele yetu kama tumefungwa. Na ghorofa ya tatu ilikuwa inatoa pumzi, "Aaah," mpira umepita kando. "Aaah," umeokolewa. Filimbi ya mwisho ikapigwa na watu wakatoka nje bila kupanga. Watu wenye tumekaa ploti moja miaka na hatujawahi salimiana vizuri tulikuwa tumeshikana mabega. Mzee wa pikipiki alikuwa analia waziwazi, na hakufuta. Hooni za mat zilisikika hadi usiku. Wiki iliyofuata Ogam akafunga tena, Zambia 1-0, na Kenya ikamaliza juu ya kundi na pointi 10. Juu ya Morocco. Juu ya DRC.

Sasa wacha nikupee story ya fundi wa simu wa pale kwetu.

Huyu ni msee mpoa, anajua kazi yake, na Stars walimuumiza zamani. Kutoka siku ya kwanza alisema hiyo mambo yeye hayuko. "Nishawajua hawa." Siku ya Morocco alikuwa kwa kibanda chake, ameweka earphone masikioni, ameinamia simu imefunguliwa tumbo, anashika na kibanio vile vinati vidogo vya kukaa kwa ukucha. Tulipomwagika nje alitoa earphone moja, akauliza, "Tumeshinda?" Tukamwambia. Akatingisha kichwa, akasema ni poa, akarudisha earphone.

Ijumaa ya tarehe 22, robo fainali, Madagascar. Mechi ilianza watu wakitoka kazi. Alphonce Omija akatupea bao mara tu baada ya mapumziko na mtaa ukaruka. Madagascar wakarudisha na penati. Dakika zikaisha, za nyongeza zikaisha, 1-1, ikaenda kwa mikwaju. Giza lilikuwa limeingia. Na hapo ndio nilimwona fundi amefunga kibanda, amesimama nyuma ya wale watoi wa simu moja, mikono kwa kichwa. Hajaitwa na mtu. Amekuja tu.

Tulijua kabla hatujaona. Ghorofa ya tatu ilinyamaza. Hapana nduru, hapana "aaah". Kimya kikashuka ngazi vile nduru zilikuwa zinashuka, na wale watoi wakabaki wameangalia simu yao, wanangoja kitu yenye mtaa wote ulikuwa tayari unajua. Madagascar 4, Kenya 3. Fundi aliketi kwa ukingo wa mtaro. Uso wake ulikuwa uso wangu. Ulikuwa uso wa kila mtu hapo.

Hiyo picha imenikalia sana. Huyu msee alikuwa amefanya kila kitu ushauri unasema. Hakujipea matumaini. Hakununua jezi, hakupiga nduru, hakukumbatia mtu. Na Ijumaa usiku aliumia sawasawa na sisi. Tofauti ilikuwa moja tu: sisi tulikuwa na Jumapili ya Morocco, yeye hakuwa nayo. Kujikatia tamaa mapema ni kulipa deni yenye hujakopa, na siku hasara ikikuja kweli, hiyo risiti yako haitambuliki. Unalipa tena yote.

Juu roho haiskizangi hizo amri. Unaweza kuiambia isitake kitu, lakini kama inakitaka, inakitaka. Yule dem anasema "hata sikuwa nataka hiyo kazi" usiku amefungua barua pepe mara kumi. Yule chali anasema matokeo ya mtihani hayamstui ndiye anaamka saa nane usiku kucheki kama yametoka. Kukana matumaini hakuyaondoi. Kunakufanya uyabebe pekee yako, bila mtu wa kukushika bega.

Sitaki kukudanganya kwamba hiyo Ijumaa ilikuwa kitu kidogo. Iliuma. Jioni hiyo hiyo Tanzania nao walitolewa na Morocco, 1-0, na kesho yake Uganda wakatolewa na Senegal, pia 1-0. Waandaaji wote watatu tukalala robo fainali. Morocco, wenye tuliwapiga, wakaenda wakabeba kombe hapo hapo Kasarani. Wiki mbili baada ya Madagascar, kwa mechi za kufuzu Kombe la Dunia, Gambia wakatupiga 3-1 nyumbani. Wale wa "si tulisema" wakarudi base wakiwa na nguvu mpya. Siku nne baadaye Stars wakawapiga Seychelles 5-0, na hapo hawakuonekana, lakini hiyo ni sawa, kila mtu ana njia yake ya kujilinda.

Nachosema ni kwamba hii maumivu hainitishi vile nilifunzwa initishe. Ilikuja, tukakaa nayo kwa ngazi na chai, Jumatatu watu wakaenda job. Mwenye alikuwa amepaka uso rangi aliosha uso. Kile kilibaki mtaani si kile cha Ijumaa. Ni venye sasa nasalimiana na majirani kwa jina.

Na kuna kitu ingine matumaini inafanya yenye watu hawaioni, juu inafanyika mapema, kabla ya matokeo. Ploti yetu kuna dem alimaliza diploma ya uhasibu, amekuwa akituma maombi ya kazi tangu amalize. Majibu mengi ni kimya. Machache ni ile barua inaanza na "tunasikitika kukujulisha". Nyuma ya mlango wake kuna blauzi nyeupe imepigwa pasi na imefunikwa na karatasi ya nailoni vumbi isiiguse. Viatu viko chini yake. Vyeti viko kwa faili moja, na nakala zimetolewa, na kitambulisho kiko ndani. Jioni anaenda saiba ya kwa kona, amepatana na mwenyewe anamfunza Excel na yeye anamsaidia kufunga hesabu za siku. Nikamuuliza kwa nini blauzi inakaa imepigwa pasi hata siku hakuna mtu amempigia. Akaniambia simu za kazi hukuja saa mbili usiku zikisema ukuje kesho saa mbili asubuhi, na stima ya kwetu unaijua.

Mtu mwenye amekata tamaa hapigi pasi. Hiyo ndio siri yenyewe. Hajitoi nakala, haendi saiba, harauki. Halafu simu ikikuja inampata ameketi, na anasema, "Mnaona? Hizi vitu zina wenyewe." Mara ingine kweli zina wenyewe, sitakataa, tunaishi hii nchi na tunajua kuna intavyuu zimeshapewa mtu kabla hujafika. Lakini Excel yake ni yake. Huyo dem alishaenda intavyuu tatu hivi karibuni zikamkataa, na kila mara anarudi anajua swali moja zaidi. Alilia ile ya mwisho, juu alikuwa amefika kwa watu wawili. Alilia hadi mathe wa chini akampandishia uji. Asubuhi blauzi ilikuwa kwa kamba inakauka.

Hapa lazima nitenganishe vitu viwili, juu mtaani kuna watu wanauza matumaini kwa bei. Wa kwanza ni mkeka wa kubet. Naona wasee wa rika yangu Ijumaa jioni wanaweka finje, wanaweka soo, wengine wanaweka rent yote, na wanakuambia ni kuwa na imani. Si imani hiyo. Mkeka haukuombi ufanye chochote isipokuwa utoe doh, na ukichanika unakuomba utoe ingine. Ajenti wa kazi za Ughaibuni anayetaka "pesa ya faili" kabla hujaona hata karatasi, ni yeye yule. Yule anakuahidi nafasi ya jeshi ukimletea bahasha usiku, ni yeye yule, na hapo nakuomba kabisa usiende. Mimi huangalia kitu moja tu: hii kitu nategemea, imenifanya niwe nani wakati nangoja? Huyo dem amekuwa mhasibu mkali zaidi akingoja. Stars walikuwa wamekuwa timu wakingoja. Msee wa mkeka akingoja amekuwa na deni kwa watu wanne na hashiki simu ya mathe yake.

Kwa hiyo hapana, sisemi uamini kila kitu. Sisi wenyewe kabla ya DRC tulijua kundi letu ni gumu, tulisema waziwazi, tukahesabu na vidole. Tuliingia macho wazi. Kutumaini na kujidanganya havikai nyumba moja hata kama kwa nje vinafanana.

Mwaka huo huo wa 2025 kuna mtu alituonyesha hii kitu kwa wiki mbili hazijaisha. Faith Kipyegon. Alitangazia dunia kwamba anataka kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Fikiria ujasiri wa kusema hivyo kwa sauti, na rekodi ya dunia, yenye ilikuwa yake mwenyewe, ilikuwa 4:07.64. Angenyamaza tu, akaendelea kushinda medali zake, na hakuna mtu angemwambia kitu. Tarehe 26 Juni akasimama Paris na wasaidizi wa kumkatia upepo, akakimbia hadi mwisho, na saa ikasema dakika nne na sekunde sita. Alikuwa ameenda mbio kuliko rekodi yake, lakini kwa vile mbio zilipangwa haingehesabiwa, na zile dakika nne alizikosa mbele ya ulimwengu wote. Alianguka pale kwenye mstari amemaliza kila kitu.

Tarehe 5 Julai akasimama tena, Eugene huko Marekani, mita 1500. 3:48.68. Rekodi ya dunia. Hakuna mwanamke alikuwa amewahi kushuka 3:49.

Mimi naona hizo mbio mbili ni moja. Miguu yenye ilikimbia Eugene ilitengenezwa na ile ndoto ya Paris. Angejilinda kwa Paris, angefika Eugene na miguu ingine. Na hata kama Eugene hangevunja rekodi, bado ningesema alifanya poa kusema ndoto yake kwa sauti, juu kuna watoi wa kike wa Keringet wanaokimbia kwenda shule na sasa wanajua hiyo namba nne ipo na mtu wa kwao ameikaribia.

Hilo la kusema kwa sauti nataka nikuachie, juu ndilo tunaogopa zaidi. Si kuanguka kunatutisha. Ni kuanguka watu wakiona. Ndio maana msee anatuma maombi ya chuo kimyakimya, anaandika ngoma kimyakimya, anaanza biashara ya mitumba bila kuambia mtu hadi ikubali. Naelewa. Lakini mwenye anajua ndoto yako ndiye anakuambia soko ya Gikosh kuna belo imefunguliwa mangware. Ndiye anakushika siku ya "tunasikitika". Chagua watu wako wawili watatu, wale hawana "si nilikuambia" mdomoni, na uwaambie. Na wewe mtoi akikuambia anataka kuwa rubani, usianze kumhesabia karo. Muulize ndege gani.

Na Stars nao? Ogam alitoka Tusker mwaka huo huo akaenda kucheza Austria, Wolfsberger AC. Na 2027 AFCON inakuja kwetu: Kenya, Uganda na Tanzania, wote watatu tuliotolewa robo fainali, tunaandaa pamoja. Kwa ajili ya hiyo, ukipita Ngong Road utaona uwanja wa Talanta.

Base yetu tumeanza chama ya tiketi. Kila Jumapili kila msee anatoa soo, inaandikwa kwa kaunta buku, na doh inakaa kwa mama wa chapo, juu huyo hesabu yake haijawahi kupotea. Wengi wanataka mechi za Stars. Kuna wawili wanataka kufika Dar, hao tumewaambia waanze kuweka rwabe. Dem wa uhasibu ndiye anakagua kitabu mwisho wa mwezi. Kama uko karibu na unataka kuingia, tunakutana saa kumi jioni, hapo kwa ngazi. Kam na soo yako, na useme jina lako vizuri liandikwe.